Wahakiki wa Lushi, tulienda kuangalia filamu, ninyi mkatuangalia sisi

Wandugu, naandika na hasira, mtanivumilia.

Wiki jana kwenye tamasha hapa Lubumbashi, Lushi yetu, walionyesha filamu Rafiki ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu, ile ya Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Ukumbi ulijaa. Kesho yake mhakiki mmoja (anajijua) akatoa makala. Aya ya kwanza ameinakili kutoka kijitabu cha tamasha, neno kwa neno. Ya pili inasema wasichana "wanaadhibiwa mwishoni, na hilo ndilo funzo".

Mwishoni wapi, mukubwa? Filamu ile inaisha na matumaini, na matumaini hayo ndiyo yaliyoiponza. Mwaka 2018 bodi ya filamu ya Kenya ilimtaka Kahiu abadilishe mwisho, akakataa, wakaipiga marufuku. Septemba mahakama kuu ikaifungulia kwa siku 7 tu, watu wakajazana kumbini Nairobi. Kitu kilichozua vurugu yote hiyo wewe hukukiona kwa sababu ulitoka katikati. Mguu wangu uliukanyaga ukitoka!

Ila kabla ya kutoka ulipata muda wa kupiga picha. Za nani? Za sisi tuliokaa. Sura zetu ziko wazi chini ya makala, eti "watazamaji wa filamu ya wapenzi wa jinsia moja". Sheria ya Kongo haina kifungu kinachofanya mapenzi hayo kuwa kosa, lakini mwenye nyumba hafungui kitabu cha sheria kabla ya kukutolea vitu nje. Mwenzetu mmoja anayesomea kamera tayari ameulizwa nyumbani alikuwa anatafuta nini pale. Na aliyekuja kwa sababu hadithi inamhusu yeye mwenyewe? Ulimwomba ruhusa?

Kuhusu sinema yenyewe, kimya. Baba za wale wasichana wanagombea kiti kimoja cha siasa, nusu ya hatari yao inatoka hapo; hukugusa. Kabla ya Rafiki palikuwa na filamu fupi ya vijana wetu waliojitegemea kwa kila kitu, jenereta ilisikika kuliko waigizaji. Wanahitaji mtu awaambie hivyo, wajue pa kurekebisha. Umewaandikia "wamejitahidi". Hiyo ni pole ya msibani.

Mwongozaji Baloji, mzaliwa wa mji huu huu, alipopata zawadi kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2023 kwa filamu yake Augure, wahakiki wote mlishangilia. Alikuwa kwenye Un Certain Regard, kipengele kilekile kilichoipokea Rafiki 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia Cannes. Mbona kwa Augure hamkupiga picha za waliokaa ukumbini?

Kosa la mwisho wa filamu unaweza kulisahihisha siku yoyote. Picha zifute leo. Nimekuandikia faraghani, umesoma, hujajibu. Ukizifuta nitakuja hapahapa kusema umefuta. Mpaka naandika hivi bado ziko, na watu wanazidi kuzisambaza.