Feni ya bafuni inaunguruma bila kuzunguka

Swali: Wakuu, feni ya kutoa hewa bafuni, ya ukutani inchi 6, inaunguruma tu. Nikiisukuma kwa kijiti inazunguka polepole. Mota imeungua?

Jibu: Bado, mkuu. Zima meni swichi, zungusha mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, bushi (vishikilio ambamo shafti, mhimili wa mapanga, huzunguka) zimekauka: futa vumbi lililogandamana, weka matone 2 ya mafuta ya cherehani kwenye shafti. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda kama gundi.

Jibu: Mapanga yakiwa mepesi, shuku kapasita (kifaa kidogo kinachosaidia mota kuanza kuzunguka), kama mota yako inayo. Nunua yenye mikrofaradi (µF, kipimo kilichoandikwa juu yake) zilezile, volti zisipungue. Koili (nyaya zilizoviringwa ndani ya mota) ikinuka kuungua, badilisha feni.

Jibu: Ikipona, iwashe uweke tishu kwenye wavu kupima kama inavuta. Isiponata, angalia mlango: bila upenyo chini, sentimita 1 hivi, feni haina hewa ya kuvuta.