Namba yangu ni tasa au si tasa? Wasilisho ni keshokutwa, naombeni ushauri

Mchovu_wa_Hesabu: Wakuu, usingizi umenikimbia. Nina namba kubwa, nimeipima kwa njia ya Miller na Rabin mara nne na mara zote imepita. Naweza kusimama mbele za watu nikasema ni tasa, au nitaumbuka?

Kipeuo: Namba gani?

Mchovu_wa_Hesabu: Kubwa tu. Ninachotaka kujua ni kama mara nne zinatosha.

Babu Tarakimu: Enzi zetu tulizisaka kwa kalamu. Niliwahi kuwaapia wenzangu kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo tasa, ukitoa 1, lazima upate tasa. Wakaniletea kipeo 11: 2047, yaani 23 × 89. Sikutoka nje wiki nzima. Vijana mnapenda njia za mkato.

Siti_ya_Mbele: Namba tasa ndizo zenye amani, hazigawani na mtu. Naendelea kusoma.

Kipeuo: Mkuu, tumekuomba namba, si nywila. Ilete. Na misingi, yaani zile namba za kupimia, ulitumia ipi?

Mchovu_wa_Hesabu: Haya, 3215031751. Misingi ni 2, 3, 5 na 7. Kila jaribio uwezekano wa kudanganya hauzidi robo, kwa hiyo manne ni 1/256. Halafu ripoti nilishaikabidhi juzi, ukurasa wa kwanza nimeandika "tasa". Kurudi nyuma sasa ni aibu.

Kipeuo: Kumbe hukuja kuuliza, ulikuja kubarikiwa. Hiyo robo ni pale unapookota misingi kwa bahati nasibu. Wewe umechukua ileile minne ambayo kila mtu huanza nayo. Weka 11 uone inavyoanguka. Tena tarakimu kumi tu! Gawanya kwa tasa mojamoja hadi 56701, ndipo kipeuo chake cha pili kinapoishia, kompyuta haitoki hata jasho. Wala hufiki mbali: 151 × 751 × 28351.

Babu Tarakimu: Nilisema mimi.

Sidanganyiki: Wakuu, hii ni chai. Chini ya bilioni 25 kuna namba moja tu isiyo tasa inayopenya misingi hiyo minne, nayo ni hiyohiyo. Wanahisabati Pomerance, Selfridge na Wagstaff waliianika tangu 1980. Leo mtu katumbukiza mkono kwenye gunia la bilioni 25 akaibuka nayo? Uzi umetungwa huu.

Mchovu_wa_Hesabu: Sijatunga, naapa. Nimeikuta mwishoni mwa programu niliyonakili mtandaoni, imeorodheshwa na nyingine tano. Nikadhani ni mifano ya tasa.

Sidanganyiki: Ile ni mitego, mwenye programu aliiweka kunasa vipimo vibovu. Hizo tano nazo umezitia kwenye ripoti?

Mchovu_wa_Hesabu: Zote, ukurasa wa pili. Ila ndogo sikuzipima, nisingepoteza muda. Ya kwanza ni 561.

Babu Tarakimu: 5 na 6 na 1. Jumlisha, mjukuu wangu.