Kulea viwavi wa mlimao darasani: chombo gani, wangapi, na kwa nini wanakufa?

Mwl_Darasa5
Habari za kazi walimu. Nina darasa la tano, wanafunzi 54, na nyuma ya darasa kuna milimao miwili na mndimu mmoja. Nataka waone hatua za kipepeo kwa macho yao badala ya kunakili ule mchoro wa duara ubaoni. Nitumie chombo gani, nianze na viwavi wangapi, na itachukua muda gani? Nasikia wengi hufa kabla ya kuwa pupa (hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo), sababu ni nini? Na watoto 54 watatazamaje bila kukanyagana?

kijani_kibichi
Kiwavi wa mlimao anafaa sana shuleni: hawashi, na chakula chake kipo hapo nyuma ya darasa. Yai lake ni kitone cha manjano kama kichwa cha pini, limebandikwa peke yake kwenye jani changa la ncha. Kiwavi mdogo ni kahawia na baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege. Hapo ndipo watoto wengi humpita bila kumwona. Akishajivua ngozi mara ya nne anakuwa kijani, na hufika kama sentimita 4 na nusu. Ukimgusa kwa kijiti anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, harufu yake kali. Hazina madhara kwa mtoto.

Chombo: ndoo ya plastiki ya lita 20, viwavi wanne tu. Tandika gazeti chini, funika juu kwa neti na uifunge kwa mpira. Tawi la mlimao liingize kwenye chupa ndogo ya maji, kisha ziba mdomo wa chupa kwa pamba mpaka pasiwe na upenyo. Usipoziba, kiwavi hushuka na tawi hadi majini na kufa. Gazeti badilisha kila asubuhi. Kinyesi kikilowa, ukungu huingia na viwavi wanalegea na kuwa weusi.

Muda: yai siku 4 hadi 6, kiwavi wiki tatu au nne, pupa wiki mbili au tatu. Mahali pa baridi huchelewa zaidi. Kwa hiyo anza angalau wiki nane kabla ya likizo, la sivyo pupa watabaki na mlinzi wa shule.

Bustani_ya_Shule
Naongeza kwenye vifo. Kosa la kwanza ni majani. Huyu hula hasa jamii ya mlimao: mlimao, mndimu, mchungwa, mchenza. Ukimpa mchicha atakufa njaa juu ya mchicha. La pili ni dawa. Mti ukiwa umepuliziwa hivi karibuni usiuguse. Kama huna uhakika, mlishe kiwavi mmoja kwa siku nzima kabla ya kuwapa wote. Majani ukiyaosha, yakung'ute yakauke.

Kosa la tatu ni haraka ya mwalimu. Siku moja kabla ya kujifunga ili awe pupa, kiwavi huacha kula, huharisha majimaji, na kutangatanga ndoo nzima. Haumwi huyo. Mwache, usimrudishe kwenye jani. Muwekee vijiti vikavu vyenye ganda la kukwaruza, vimesimama mshazari. Atajishika kwa mkia na kujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri, kichwa juu. Pupa anaweza kuwa kijani au kahawia, yote ni mzima.

Mwl_Darasa5
Ahsanteni sana. Neti: kuna vyandarua viwili vya zamani ofisini. Nikate?

kijani_kibichi
Hapana! Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu kama mbu. Hata kikiwa kikuukuu usikiamini. Nunua kitambaa cha neti dukani, kile cha shela, au wavu mpya wa dirishani usio na dawa.

Bustani_ya_Shule
Kuhusu watoto 54: vikundi tisa vya sita sita. Vikundi vitatu vinashika ndoo (ndoo tatu, si moja), sita viko nje. Kila wiki mnabadilishana. Ndani wanapima urefu kila siku ya pili: uzi unalazwa kando ya kiwavi, kisha uzi ndio unapimwa kwa rula. Kiwavi asinyooshwe.

Nje kuna jambo zuri kuliko ndoo. Chagua matawi mawili yanayolingana, kila moja liwe na viwavi wadogo watano. Moja livalishe mfuko wa neti, ufunge pande zote mbili baada ya kukagua hakuna buibui wala sisimizi ndani. Jingine liache wazi. Hesabuni kila siku kwa siku saba. Tofauti ya hesabu ndiyo somo la maadui wa asili, na hakuna anayehitaji kulikariri. Angalizo: mlimao una miiba, na kiwavi yeyote mwenye manyoya asiguswe.

mdadisi_wa_wadudu
Pupa akigeuka kahawia iliyokolea na kutoboka tundu dogo la mviringo, ujue nyigu wadogo walitaga ndani yake. Msitupe. Mwekeni kwenye chupa yenye neti, watoto wahesabu nyigu watakaotoka. Ili kupunguza hilo kwenye ndoo, chukueni mayai na viwavi wachanga, si wale wakubwa waliokaa nje muda mrefu.

Kipepeo hutoka aghalabu asubuhi, mabawa yamekunjamana. Anahitaji kuning'inia akiwa na nafasi ya sentimita 15 hivi chini yake. Ukuta wa ndoo unateleza: akianguka, mabawa hukauka yakiwa yamepinda na haruki tena. Ning'iniza kipande cha neti ndani ya ndoo kutoka juu hadi chini siku pupa anapoanza kuonyesha rangi za mabawa. Majimaji mekundu au kahawia atakayodondosha si damu. Waambie watoto mapema. Mwachieni mchana huohuo jua likiwaka, pale pale kwenye milimao.