Naombeni mbinu ya kushika maneno ya kitabibu, kukariri kumenishinda

Mwanachuo_Kilosa: Wakuu, habari zenu. Nasoma stashahada ya utabibu, mwaka wa kwanza. Mwalimu akiandika "hepatosplenomegaly" ubaoni nanakili herufi moja moja kama nachora, na kesho yake sikumbuki kitu. Mtihani wa anatomia unakaribia, naogopa sapu. Mliopita huko mlifanyaje?

Tabibu Mstaafu: Mwanangu, usilikariri neno, livunje. Hippocrates na Galen waliandika kwa Kigiriki, na waganga wa Ulaya waliofuata wakaendelea kuunda majina kwa vipande vya lugha hiyo. Hilo lililokutisha lina vipande vitatu: "hepato" ni ini, "spleno" ni wengu, "megaly" ni kuwa kubwa kupita kawaida. Utamkuta mgonjwa wa namna hiyo ukipangiwa sehemu zenye kichocho cha tumbo. Ukishaijua "hepato", "hepatitis" imejileta yenyewe, maana "itis" ni kiungo kuvimba kwa maradhi. Badilisha kiungo tu: "gastritis" tumbo, "nephritis" figo.

Nesi wa Zamu: Shikamoo mzee wangu. Mdogo wangu, kuwa makini sana na "hyper" na "hypo". Ya kwanza ni kuzidi, ya pili ni kupungua. "Emia" ni damu, "glyc" ni sukari. Mgonjwa mwenye "hypoglycemia" sukari yake imeshuka. Ukimchoma insulini kwa kudhani imepanda, unaweza kumuua. Mimi hulitamka neno kwa sauti kabla ya kuandika kwenye faili.

Bint Pangani: Kuna Kilatini pia humo ndani, kisikuchanganye. Figo ni "nephro" kwa Kigiriki na "ren" kwa Kilatini, ndiyo maana utasikia "nephritis" lakini "renal failure". Na "ped" ya "pediatrics" ni mtoto kwa Kigiriki, ila "pedal oedema" ni miguu kuvimba, hiyo ya Kilatini.

Mwanachuo_Kilosa: Asanteni sana! Ngoja nijaribu: "cholecystectomy". "Chole" nyongo, "cyst" mfuko, "ectomy" kukata na kutoa. Ni kutoa mfuko wa nyongo?

Tabibu Mstaafu: Ndiyo hasa. Ila tofautisha miisho: "tomy" ni kupasua, "stomy" ni kufungua tundu, "ectomy" ni kuondoa kabisa. Usiku huu andika vipande vya viungo vyote vya tumbo, ulete hapa kesho tukupime.