Kusoma kwa kujifurahisha ukiwa na bipola: raha imekwenda wapi?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo, hasa mkililinganisha na mizigo inayoletwa hapa kila siku.

Ni miaka sita tangu nilipoambiwa kwamba nina ugonjwa wa bipola, yaani ule wa akili unaompandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi kisha ukamshusha katika huzuni nzito, na nikitazama nyuma naona nilikuwa nao muda mrefu kabla ya hapo bila kuujua kwa jina. Tangu utotoni nimekuwa msomaji wa riwaya. Sikusoma ili nifaulu mtihani wala ili nionekane nimeelimika. Nilisoma kwa sababu hapakuwa na kitu kilichonipendeza kuliko kutaka kujua yatakayompata mtu fulani katika ukurasa unaofuata. Sasa mambo yamekuwa hivi. Nikishuka, naisoma sentensi moja mara tano, na nikifika mwisho wake nimekwisha kusahau ilianza kumzungumzia nani. Nikipanda, mambo hugeuka: nafungua vitabu vinane kwa wiki moja, napiga mstari chini ya karibu kila sentensi kwa kuwa kila sentensi naiona imeandikwa kwa ajili yangu, nasoma mpaka alfajiri, kisha baadaye sikumbuki lolote ila ule moto wenyewe.

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimetulia kwa lithiamu, dawa ya kutuliza kupanda na kushuka huko, nami nashukuru kwa dhati. Hata hivyo hapa katikati, mahali nilipodhani raha yangu ya zamani ingekuwa inanisubiri, nimekuta ukimya. Nasoma, naelewa, nafunga kitabu, basi. Ni kama kula ukiwa na mafua: unajua chakula ni kizuri, lakini ulimi hauna habari. Nilipomweleza daktari wangu, alinijibu kwamba nishukuru ikiwa hilo ndilo tatizo pekee lililobaki.

Ninauliza mambo mawili. La kwanza, je, huu ni ugonjwa, ni dawa, au ni mimi tu niliyebadilika? La pili, nitarudije kusoma kwa raha bila kuigeuza raha hiyo kuwa sehemu nyingine ya matibabu, ilhali tayari nina vidonge, vipimo vya damu, daftari la kuandika hisia za kila siku na saa ya kulala ninayosimamiwa kama mtoto?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu. Mimi si mgonjwa, ila nilipopita katika kipindi kigumu cha maisha nilisaidiwa na vitabu vya kujijenga na kuhamasisha. Achana kwa muda na riwaya, kwani nyingi zimejaa huzuni, usome vitabu vitakavyokupa malengo na nguvu. Jiwekee kitabu kimoja kila wiki bila kukosa, na ukikaza nia utaona hamu inarudi yenyewe.

Mchangiaji wa pili

Ndugu uliyetangulia, nia yako ni njema, nami sina ugomvi nawe, lakini ushauri huo ungenimaliza kabisa katika mwaka wangu mbaya. Nina sonona inayojirudia, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na nakumbuka jinsi kitabu kimoja cha namna hiyo kilivyonihakikishia kwamba furaha ni uamuzi. Nilikifunga nikiwa na huzuni ileile, pamoja na hatia ya kwamba eti nimeichagua. Kitabu kimoja kila wiki nacho ni deni. Mtu ambaye hawezi kumaliza ukurasa hapaswi kukopeshwa kurasa mia tatu.

Mleta mada, hali unayoieleza ina jina. Madaktari huita anhedonia ile hali ya raha kukauka hata katika yale uliyoyapenda. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unataja dalili tisa za sonona. Ili mtu atambuliwe kuwa nayo anatakiwa awe na tano kati yake kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe ama huzuni ama kupotea huko kwa hamu na raha. Kushindwa kumakinika ni dalili nyingine inayojitegemea katika orodha hiyohiyo. Kwa hiyo ugonjwa huu unampiga msomaji mahali pawili kwa wakati mmoja: unamwondolea uwezo wa kufuata sentensi, kisha unamwondolea sababu ya kutaka kuifuata. Nalisema hili kwa sababu nilipoteza miaka nikijiita mvivu.

Wala si jambo la zama hizi tu. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, alisimulia katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1873 baada ya kufa kwake, namna alivyoangukiwa na giza mwaka 1826 akiwa na umri wa miaka 20. Anasema alivirudia vitabu alivyovipenda ambavyo daima vilikuwa vimempa nguvu, akavisoma bila hisia yoyote, au kwa hisia za zamani zilizokwisha kuvuliwa utamu wake. Nilipokutana na maneno hayo nilishtuka, kwa maana nilidhani nimeyabuni mimi. Kilichokuja kumtikisa hakikuwa kitabu kikubwa cha hekima: alikuwa akisoma kumbukumbu za mwandishi mmoja wa Kifaransa, akafika mahali anaposimulia kifo cha baba yake, na machozi yakamtoka. Tangu hapo mzigo wake ukapungua. Mwaka 1828 akaanza kusoma mashairi ya Wordsworth, mshairi wa Uingereza, na yakamfaa. Tazama kwamba ilichukua takriban miaka miwili, na kwamba huzuni ndani ya kitabu ndiyo iliyomfungulia mlango. Kwa hiyo yule anayekukataza riwaya za huzuni asikuogopeshe sana, ingawa siku ambazo mawazo ya kufa yanakuzunguka ni siku za kutafuta mtu, na kitabu kingoje.

Kwa vitendo, mimi nilirudi kupitia vitabu nilivyokwisha kuvisoma. Kitabu unachokijua hakikudai ukumbuke. Ukisahau aliyeingia mlangoni, kumbukumbu za miaka ya nyuma zinakushika mkono. Baada ya hapo nikasoma mashairi mafupi, kisha hadithi fupi, na riwaya mpya zikaja mwisho kabisa. Vitabu vya kusikiliza havikunisaidia, kwa sababu sauti inaendelea hata akili ikiondoka, ila najua wengine ndivyo vilivyowaokoa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nitajibu swali la kwanza tu, nikitahadharisha kwamba sikujui wala sijaona majalada yako.

Ugonjwa, dawa au wewe: mara nyingi jibu ni mchanganyiko, na kila sehemu ya mchanganyiko huo ina namna yake ya kushughulikiwa. Sehemu ya kwanza ni mabaki ya sonona, yaani mtu ametulia kiasi cha kurudi kazini lakini dalili mbili tatu zimebaki chini chini. Hilo ni jambo la kutibiwa, si la kushukuriwa. Ya pili ni lithiamu yenyewe. Wapo wanaoitumia wanaolalamika kwamba mawazo yamekuwa mazito na hisia zimefifia, na wapo ambao mikono inatetemeka au macho hayatulii vizuri juu ya maandishi. Ya tatu husahaulika mno: lithiamu inaweza kupunguza utendaji wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na tezi hiyo ikizembea mtu huchoka, huwa mzito wa fikra na hupoteza hamu, akafanana kabisa na mwenye sonona. Kipimo cha damu hulionyesha, na kwa kawaida anayetumia lithiamu hupimwa tezi hiyo pamoja na figo mara kwa mara. Uliza chako kilifanyika lini.

Uliza pia kiwango cha lithiamu katika damu yako. Kwa wengi waliotulia, kiwango kinachotafutwa huwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na kati ya ncha hizo mbili upo uwanja ambao daktari anaweza kuutumia. Ninakusihi usiutumie wewe mwenyewe nyumbani, kwa sababu kuacha lithiamu ghafla kunajulikana kuongeza hatari ya kupanda upya, na msomaji aliyepanda hafaidi kitabu chochote.

Hili silisemi kwa nadharia. Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye ni bingwa wa ugonjwa huu na pia anaishi nao, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1995 kwamba kwa zaidi ya miaka kumi akiwa kwenye lithiamu hakuweza kusoma kitabu kizito kutoka jalada hadi jalada. Alikimbilia vitabu vya watoto, ambavyo ni vifupi na vina herufi kubwa, akavisoma na kuvirudia. Baadaye dozi yake ilipopunguzwa kwa uangalizi, usomaji ulimrudia. Na ni mtu huyohuyo anayesema waziwazi kwamba bila lithiamu asingekuwa hai.

Kuhusu daktari wako, nenda tena ukiwa na maelezo yanayopimika. Usiseme "sifurahii kusoma", sema "zamani nilimaliza riwaya moja kwa siku nne, sasa ninasoma kurasa sita kisha macho yanateleza, na hali hii ilianza miezi miwili baada ya dozi kupandishwa", kama ndivyo ilivyokuwa. Malalamiko yenye tarehe ni vigumu kuyapuuza.

Mchangiaji wa nne

Naandika kama mke wa mtu mwenye bipola, na ninaomba kuongeza jambo kuhusu usiku, kwa sababu naona limepitwa haraka.

Mume wangu ni msomaji kama wewe, na kwa miaka mingi nilifurahi kumwona akiwa na kitabu usiku, nikidhani hapo yuko salama. Nilichelewa kuelewa kwamba kukosa usingizi si dalili ya kupanda tu. Kunaweza pia kuwa ndiko kunakompandisha mtu. Usiku mmoja wa riwaya tamu ukifuatwa na mwingine, kwa mtu mwingine ni uchovu wa kawaida, kwake ni ngazi. Tulikubaliana, tena akiwa ametulia, kwamba riwaya inabaki sebuleni na taa ya chumbani inazimwa saa nne na nusu, hata kama muuaji yuko karibu kutajwa. Alilalamika sana, na bado analalamika. Pia tulikubaliana kwamba akinunua vitabu zaidi ya vitatu kwa wiki ninayo ruhusa ya kumuuliza amelala saa ngapi, bila yeye kunikasirikia. Vitabu vilinionyesha mara mbili jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajaliona.

Mchangiaji wa tano

Shemeji, nakuheshimu, na kuhusu usingizi sina pingamizi. Lakini niruhusu niseme kwa niaba ya sisi tunaochunguzwa. Nina bipola kwa miaka kumi na miwili, na kinachonichosha kuliko vidonge ni kwamba kila ninachokipenda kimekuwa dalili. Nikicheka sana, watu wanatazamana. Nikinunua vitabu vinne kwa sababu kulikuwa na punguzo la bei, naulizwa nimelala saa ngapi. Mleta mada ameuliza namna ya kusoma bila kuugeuza usomaji kuwa matibabu, nasi tumemjibu kwa kumpa kipimajoto.

Jibu langu ni dogo. Nilitenga kitabu kimoja ambacho hakihesabiwi. Sikiandiki kwenye daftari la hisia, sisemi nimefika ukurasa wa ngapi, na ninayo haki ya kukiacha katikati ya sentensi nisirudi tena. Usingizi wangu utaonekana kwenye daftari. Si lazima na kitabu kitoe ushahidi.

Na jambo moja zaidi, ambalo labda ni chungu. Umesema raha ya zamani. Jiulize ni ipi kati ya raha zile. Mimi niligundua kwamba sehemu kubwa ya niliyoiita raha ya kusoma ilikuwa ni kupanda kwenyewe, ule moto uliousema, na hiyo sitaipata tena bila kulipa gharama yake. Iliyobaki ni ndogo, haipigi kelele, na kwa muda mrefu niliidharau kwa kuwa nilikuwa nikiilinganisha na ile nyingine.

Mleta mada

Nimerudi baada ya wiki tatu, nikiomba radhi kwa ukimya. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja, na hilo la mchangiaji wa tano lilinikasirisha kwa siku mbili kabla sijakubali kwamba limenigusa pale pale penye kidonda.

Nilikwenda kwa daktari na tarehe zangu nilizoziandika. Tezi haikuwa imepimwa kwa miezi kumi na minne. Homoni inayoichochea tezi imetoka juu kidogo ya kawaida, ishara kwamba huenda tezi inazembea, ingawa si ya kutisha, na kipimo kitarudiwa baada ya wiki sita kabla ya kuamua lolote kuhusu dozi. Hakuniomba radhi, ila safari hii aliandika nilichosema.

Kuhusu kusoma, nilitafuta kitabu cha watoto nilichokisoma nikiwa na miaka tisa, nikakiweka sebuleni kama shemeji alivyosema, na sikuandika habari zake mahali popote mpaka leo hapa. Siku nyingi kilikuwa karatasi tu. Jumanne iliyopita kuna mahali mnyama mmoja anamjibu mwenzake jeuri, nami nikacheka kwa sauti, peke yangu, nikaushtukia mdomo wangu. Nikaisoma sentensi ile mara ya pili, na mara ya tatu. Nilikuwa nayakumbuka maneno yote.

Majibu ya kipimo yakitoka nitayaleta hapa.