Kwa nini fuvu la Alesi lilipelekwa kwenye sinkrotroni?

MwalimuWaHistoria
Wakuu, naomba msaada. Nilikuwa nawasimulia wanafunzi habari za Alesi, fuvu la mtoto wa jamii ya sokwe wa kale aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita. John Ekusi aliliona mwaka 2014 kule Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana, na halizidi ukubwa wa limau. Nikawaambia wataalamu waliyaona meno ya ukubwani yakiwa bado ndani ya taya, bila kupasua kitu. Wakauliza yalionekanaje, nikajikongoja. Kisha msichana mmoja akasema: "Mwalimu, zile picha za rangi si kompyuta imejichorea tu?" Hapo nikakwama. Mnaofanya kazi hizi, nimjibuje?

Jongoo_wa_Mawe
Ni eksirei ile ile ya hospitali mkuu, ila ina nguvu zaidi. Mfupa unatokea mweupe, basi.

KalamuYaKijivu
Jongoo, ingekuwa rahisi hivyo mimi nisingekuwa na kazi. Mashine ya hospitali imeundwa kutofautisha mfupa na nyama. Kisukuku hakina nyama. Mfupa umegeuka jiwe, matundu yake yamejaa jiwe, na kilichouzunguka ni jiwe. Ukiuweka kwenye skana ya kawaida, mara nyingi unapata kijivu juu ya kijivu, na pakiwa na madini ya chuma unapata michirizi inayong'aa na kufunika kila kitu.

Ndiyo maana Alesi alipelekwa Grenoble, Ufaransa, kwenye sinkrotroni ya kituo cha utafiti cha ESRF. Ile ni pete yenye mzunguko wa mita 844 ambamo elektroni hukimbia karibu na kasi ya mwanga na kutoa eksirei. Nguvu peke yake si siri yake. Mionzi yake imepangika kiasi kwamba ikivuka mpaka kati ya vitu viwili inapinda kidogo, na kule kupinda kunaonekana kwenye picha kama ukingo. Kwa hiyo hata mfupa na jiwe vikiwa na uzito unaokaribiana, mpaka wao unajitokeza.

Sasa huyo binti. Amegusa penyewe, mpe maksi zake. Skana haitoi rangi. Inatoa maelfu ya vipande vya kijivu, kama mkate uliokatwa vyembamba mno, na mtu ndiye anayepita kipande baada ya kipande akisema hapa jino, hapa jiwe. Mimi ndiye huyo mtu. Mzizi wa jino unashuka vizuri, halafu ncha yake inazama kwenye mchanga ulioganda na kijivu kinakuwa kimoja. Lazima niamue kalamu isimame wapi. Ufa nao una tabia ya kujifanya kiungo cha mifupa. Programu hunisaidia sehemu zilizo wazi, lakini penye utata huwa inapaka rangi kwa ujasiri ambao haina haki nao. Sehemu kama hizo tunampa mtu wa pili azipake bila kuona nilichofanya, tukitofautiana tunarudi kwenye kijivu.

Ila kuna vitu havitegemei mkono wangu. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, hujengwa siku kwa siku na kila siku huacha mstari, na kuzaliwa kwenyewe kunaacha mstari wake. Sinkrotroni inaiona mistari hiyo ndani ya jino zima. Ukihesabu kutoka mstari wa kuzaliwa unafika siku ya kifo: Alesi alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne hivi. Vilevile mifereji ya sikio la ndani, inayosaidia mizani ya mwili, ilikuwa midogo. Wakasoma hapo kwamba hakuwa mrukaji wa matawini kama giboni, sokwe mdogo wa Asia, japo pua yake ilifanana na ya giboni.

Nzi_wa_Maabara
Lakini si wangechonga tu jiwe, tukaona kwa macho?

KalamuYaKijivu
Kuchonga hakurudi nyuma. Na mifupa mingine haivumilii hata brashi. Mtazame Mtoto wa Panga ya Saidi, pango lililoko Kilifi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita: mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba walilifunga plasta bonge zima la udongo na kulitoa hivyo hivyo. Kule Burgos, Hispania, mikroskani ikatembea bega kwa bega na mchongaji, ikimwonyesha kilicho mbele kabla chombo hakijafika.

Ila mionzi nayo si bure. Mingi ikipita inaweza kuharibu DNA iliyosalia, na kuvuruga njia za kupima umri zinazohesabu mionzi iliyojilimbikiza ndani ya jino. Kwa Alesi DNA ilishakwisha zamani. Kwa kisukuku kichanga zaidi, sampuli zichukuliwe kabla ya skani. Nimewahi kuletewa jino lililoskaniwa kwanza, mpima umri akalikataa mezani.

MwalimuWaHistoria
Asante sana mkuu. Kuna mahali wanafunzi wanaweza kuona wenyewe?

KalamuYaKijivu
MorphoSource, hifadhi ya skani mtandaoni, ina skani nyingi, nyingine unazipakua baada ya kuomba ruhusa. Ukipata yenye vipande ghafi, waonyeshe hivyo kabla ya umbo la rangi. Mpe yule binti kalamu, aseme mwenyewe jino linaishia wapi.