Mtambo wa biogesi wa mita 9, jiko haliwaki hata saa nzima: tatizo ni kinyesi, maji au kuba?

Kihamba_Juu
Wakuu, naomba msaada kwa wanaoijua biogesi. Mtambo ni wa kuba la kujengwa chini ya ardhi, mita za ujazo 9, aina ile ya CAMARTEC (kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini) yenye shingo na mfuniko wa zege juu. Una mwaka mmoja na nusu. Uko Moshi vijijini, kata za juu kwenye baridi. Ng'ombe wa maziwa ni wawili, wanafugwa ndani, kinyesi ni ndoo moja na nusu ya lita 20 kwa siku. Banda linaoshwa kila asubuhi na maji yote yanaingia mtamboni, kama madumu kumi ya lita 20. Zamani jiko liliwaka masaa matatu kwa siku, sasa dakika 50 ni bahati. Moto ni wa njano, unaruka-ruka, na sufuria zinashika masizi. Gesi hiyo ndiyo ya kupikia chai na maandazi ya kuuza, kwa hiyo ikikata tunarudi kwenye mkaa. Fundi anasema tumwage tope lote tuanze upya. Nimsikilize?

KokiKuu
Usimwage kitu, mkuu. Humo ndani ndimo wanamoishi bakteria wanaotengeneza gesi. Ukimwaga, utakaa wiki kadhaa bila moto, na kama kuba lina ufa utaukuta palepale.

Kwanza jua kama gesi haizalishwi au inazalishwa na kuvuja. Kipimo unacho tayari: chemba ya nje ya mtanuko. Gesi ikijaa kwenye kuba inasukuma tope, tope linapanda kwenye chemba. Saa 12 jioni pikia gesi yote mpaka jiko lizimike lenyewe, kisha funga koki kuu iliyo pale juu ya kuba, siyo ya jikoni. Weka alama ya chaki ukutani mwa chemba usawa wa tope. Pima tena saa 4 usiku, na mara ya mwisho saa 12 asubuhi kabla ya kulisha.

Hesabu yake: kama chemba ina kipenyo cha mita 1.6, eneo lake ni mita 2 za mraba, basi kila lita 20 za gesi zinapandisha tope sentimita 1. Tope likipanda polepole usiku kucha bila kusimama, hakuna ufa, ni uzalishaji tu mdogo. Likipanda vizuri mwanzoni halafu likasimama, hapo kuna mahali panavuja, kwa sababu kadiri presha inavyoongezeka ndivyo gesi inavyokimbilia kwenye tundu, mpaka kinachotoka kinalingana na kinachozalishwa.

Usiku wa pili rudia huku koki kuu ikiwa wazi na ya jikoni imefungwa. Ukipata pungufu ya usiku wa kwanza, bomba la kwenda nyumbani linavuja. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kila koki. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja.

Nyasi_Tembo
Kabla hujapima, nenda kaangalie mfuniko wa shingoni. Una maji juu yake au umekauka?

Mfuniko ule haujajengewa saruji, umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo unaziba gesi ukiwa na unyevu tu. Kiangazi maji yanakauka, udongo unapasuka nyufa nyembamba kama uzi, gesi inatoka hapo kimya kimya. Mwaga maji ndoo mbili juu ya mfuniko na utulie dakika kumi. Mapovu yakitoka mstari mmoja pembeni, umempata mwizi. Na gesi inayotoka hapo siyo hasara ya jikoni tu: metheni, ndiyo sehemu ya biogesi inayowaka, inapasha joto angahewa takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa yenye uzito ule ule, kwa hesabu ya miaka 100. Mtambo unaovuja hauna sifa ya kuitwa nishati safi.

Samadi_Mbichi
Mimi naona wote mmeruka jambo la maji. Madumu kumi ni mengi mno!

Mtambo wa mita 9 una tope kama lita 7,000, sehemu iliyobaki ni ya gesi. Kinyesi lita 30 na maji lita 200 ni lita 230 kwa siku. Gawanya 7,000 kwa 230, unapata siku 30. Kwa baridi ya huko juu kinyesi kinahitaji siku 60 au zaidi, kwa sababu bakteria hawa wanapenda joto la karibu nyuzi 35 na wanazubaa sana likishuka chini ya 20. Maana yake unamwaga shambani kinyesi ambacho bado kina gesi yake. Na tope likiwa jepesi kama supu, nyasi zinaelea juu na kuganda kama ukoko, mchanga unazama chini na kula nafasi.

Kipimo ni sawa kwa sawa: lita 30 za kinyesi kwa lita 30 za maji, koroga kwa mkono au mti mpaka mabonge yaishe, toa nyasi ndefu na mawe, ndipo ufungue kizibo cha chemba ya kuchanganyia. Tope liwe zito kama uji wa mtoto. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji. Bandani weka kibao cha kuziba mfereji: kinyesi kizolewe kwa koleo kwanza, maji ya kuoshea yaelekee kwenye migomba. Yakiwa na sabuni, dawa ya kuogeshea au dawa ya kuua vijidudu, ndiyo kabisa yasiingie. Vilevile ng'ombe akichomwa antibiotiki, tuseme ya ugonjwa wa kiwele, kinyesi chake kipeleke kwenye mboji mpaka dawa iishe mwilini.

KokiKuu
Hesabu ya maji nakubaliana nayo, ila haielezi kushuka kutoka masaa matatu hadi dakika 50. Maji yanapunguza, hayafuti. Apime.

Mama Chapati
Na jiko nalo mliangalie, kaka. Njano na kuruka-ruka ni magonjwa mawili tofauti.

Moto wa njano wenye masizi unakosa hewa. Kuna pete au matundu ya hewa nyuma ya jiko karibu na nozeli, kile kitundu kinachopitisha gesi. Safisha buibui na mafuta, kisha fungua kidogo kidogo mpaka moto uwe wa buluu. Ukianza kunguruma na kuachana na jiko, umezidisha, rudisha nyuma. Kama ni jiko la gesi ya mtungi lililobadilishwa, nozeli yake ya asili ni nyembamba mno kwa biogesi. Presha ya biogesi ni ndogo na zaidi ya theluthi moja ya gesi yenyewe ni hewa ya ukaa isiyowaka, kwa hiyo tundu lazima liwe pana zaidi.

Kuruka-ruka ni maji ndani ya bomba. Gesi inatoka mtamboni na mvuke, mvuke unapoa na kulala sehemu iliyobonyea. Fungua mtego wa maji ulio chini kabisa ya mstari wa bomba, acha yatoke, funga. Kama bomba lina tumbo mahali pasipo na mtego, inyanyue ile sehemu ili iteremke kuelekea kwenye mtego.

Kihamba_Juu
Asanteni sana wakuu. Mtego umetoa maji kama nusu lita na moto umeacha kuruka. Pete ya hewa ilikuwa imefungwa kabisa, sasa moto ni wa buluu.

Chemba ina kipenyo cha mita 1.6 kama mlivyosema. Koki kuu ikiwa imefungwa, tope lilipanda sentimita 6 kufikia saa 4 usiku. Asubuhi lilikuwa sentimita 7. Usiku wa pili koki ikiwa wazi, vilevile 7. Shingoni palikuwa pakavu, udongo umejikunja kama ganda la mti. Nilipomwaga maji mapovu yalitoka upande wa mashariki bila kukoma.

KokiKuu
Basi bomba ni zima na mwizi ni mfuniko. Sentimita 6 kwa masaa manne ni lita 120, yaani lita 30 kwa saa. Kinyesi chako kilo 30, kwa baridi yenu hesabu lita 35 kwa kilo, kingetoa kama 44 kwa saa. Kwa hiyo Samadi_Mbichi naye ana haki yake: maji yanakula theluthi, mfuniko unakula vingine vyote.

Namna ya kuziba. Pikia gesi mpaka presha iishe, zima kila moto uliopo karibu, toa maji, nyanyua mfuniko mkiwa wawili. Kichwa kisiingie shingoni, wala mtu asishuke ndani kwa sababu yoyote. Humo hakuna hewa ya kupumua na mtu anaanguka kabla hajapiga kelele. Kwangua udongo wa zamani wote. Udongo mpya wa mfinyanzi uchekeche, uloweke siku mbili, uukande mpaka ukikunja kipande kisipasuke. Usokote kama kamba nene kiasi cha kifundo cha mkono, izungushe kwenye kingo, laza mfuniko, ukanyage mpaka udongo utoke pembeni, kisha shindilia mwingine kwenye nafasi iliyobaki. Mwaga maji yafunike mfuniko sentimita 10 na kuendelea. Juu weka bati, maji yasikauke haraka na mbu wasizaliane. Kila Jumamosi chungulia.

Muhimu: ulipofungua, hewa iliingia ndani. Metheni ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa inalipuka. Acha kuba lijae mara mbili na uiachie gesi hiyo nje kwenye uwazi, ya tatu ndiyo uwashe.

Mama Chapati
Na kuhusu biashara: kwa ng'ombe wawili, hata kila kitu kikiwa sawa, ni lita elfu moja na kidogo kwa siku. Jiko linakula kama 350 kwa saa, yaani masaa matatu. Usiku gesi inajikusanya yenyewe, kwa hiyo maandazi na chai yapikwe alfajiri, maharage yaloweke usiku kucha ndipo yaende jikoni. Mtambo wenu una nafasi ya kinyesi mara mbili ya mnachoweka; jirani mwenye ng'ombe asiye na mtambo anaweza kuwapa ndoo moja na nusu, naye akarudishiwa tope lililokwisha kutoa gesi la kuweka kwenye kahawa yake. Mwambieni alichimbie kuzunguka shina na kulifunika kwa udongo siku hiyo hiyo, likikaa juani naitrojeni inaruka.